Kiganja Juu ya Chuma cha Baridi

Lori lilirudisha mzigo asubuhi, mzigo mzima, na mnunuzi hakujisumbua kutuma maelezo. Hayakuhitajika. Mabamba ya chuma yalipofunguliwa uwanjani mwa kiwanda kila mtu alijionea mwenyewe: pembeni mwa bamba la kwanza, na la tatu, na mengine mengi chini yake, palikuwa na alama za vidole na kipande cha kiganja, zimechorwa kwa kutu ya kahawia. Kutu ilikuwa imetambaa hata usiweze kusema kama mkono ule ulikuwa mkubwa au mdogo, wa kulia au wa kushoto. Ila ulikuwa mkono wa mtu, na mtu huyo alikuwa pale uwanjani pamoja na wengine.

Msimamizi wa upande wa baridi aliitwa Kioo, kwa sababu alizoea kusema kwamba bamba ambalo huuoni uso wako ndani yake si bamba. Alilizunguka lundo polepole, mikono nyuma. Kisha akawatazama wanaume sita waliosimama peke yao karibu na ukuta.

"Haya," akasema. "Watu wa moto wametuletea zawadi."

Wengine wakacheka, si kwa sababu ilichekesha bali kwa sababu aliyesema ni msimamizi. Miongoni mwa wale sita, mkubwa wao kwa umri alikuwa mtu waliyemwita Koleo. Alikuwa ameshika koleo tangu ujana wake, akivuta chuma chekundu kutoka tanuruni, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu. Hakucheka, wala hakukasirika. Aliangalia tu zile alama, akavificha viganja vyake mifukoni bila kujua kwamba Kioo amemwona.

Kiwanda kile kilikuwa na pande mbili, na watu wake walikuwa wa namna mbili. Upande wa moto, chuma kilipita kwenye rola kikiwa chekundu na laini, kikanyooka kama donge la unga. Kikipoa kilisinyaa kidogo kadiri kipendavyo, pembe zake zikawa butu, na juu yake kikaota ganda la kijivu cheusi. Hakuna aliyejali. Chuma hicho kilikwenda kuwa nguzo na reli na fremu za malango, na hata ukikishika kwa mkono wenye tope hakisemi kitu. Upande wa baridi walikichukua chuma hichohicho, wakakichuna ganda kwa asidi, wakakipitisha tena kwenye rola bila moto, kwa nguvu tupu, mpaka kikawa chembamba, kigumu, kinang'aa, pembe kali kama wembe na kipimo kisichozidi wala kupungua unywele. Hicho kilikwenda kuwa milango ya majokofu na ya magari. Bei yake ilikuwa juu, na maringo ya wanaokitengeneza yalikuwa juu zaidi. Lakini kilikuwa chuma uchi. Kuna watu ambao jasho lao lina ukali, Mungu kawaumba hivyo, na mtu wa aina hiyo akikigusa leo, kesho kinamtaja.

Zamani hakikumtaja mtu, kwa kuwa mabamba yote yalipakwa mafuta kabla ya kufungwa. Mnunuzi huyu mpya ndiye aliyetaka makavu, rangi ikamate vizuri. Na mambo haya yalikuja wakati mbaya. Tanuru la upande wa moto lilikuwa limezimwa, sasa kiwanda kikinunua chuma cha moto kutoka mbali na kukimalizia tu kwa baridi. Wenzake Koleo walirudishwa majumbani. Sita walichukuliwa upande wa baridi kwa majaribio, kwa nusu mshahara, na waliambiwa washukuru.

"Kesho mchana," Kioo akasema, "kila mmoja wa hawa sita ataweka mkono wake juu ya bamba safi. Kesho kutwa asubuhi tutasoma. Mwenye kutu anakwenda kwao. Wote wakitoka safi, tunahamia kwa wanawake wanaofunga mabamba."

Mkono wenye kutu ukipatikana miongoni mwa sita, basi msako unaishia hapo, wanawake hawapimwi. Koleo alilisikia hilo vizuri, ingawa wakati huo halikumhusu sana. Alichokiwaza ni kwamba mkono ule wa kutu ni wake.

*

Familia yake iliishi katika vyumba viwili mwisho wa uchochoro. Mke wake alishona nguo za watu kando ya dirisha. Watoto wadogo wawili walikuwa shuleni. Binti yao mkubwa alifanya kazi kiwanda kilekile, upande wa baridi, kwenye chumba cha kufungia mabamba, na baba yake ndiye aliyemwombea nafasi siku zile neno lake likiwa bado na uzito. Sasa mshahara wa binti ndio uliolipa kodi ya nyumba na ada ya wadogo zake. Nyumbani walilipitisha jambo hilo kwa adabu: binti alimpa mama fedha jikoni, mama akampa baba chumbani, na baba akatoka kifua mbele kwenda kumlipa mwenye nyumba. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Nyumba nyingi husimama hivyo.

Jioni ile Koleo alivua buti la kushoto, akatoa ndani yake kipande cha bamba chenye ukubwa wa sahani. Alikuwa amekiokota kwenye mabaki, na kukipitisha mbele ya mlinzi wa getini kulimfanya achechemee kama mzee kweli.

"Baba umeanza wizi uzeeni?" binti yake akamwuliza huku akicheka.

"Nimeazima. Nataka kujijua kabla hawajanijua."

Akaosha mikono, akangoja itoke jasho kidogo, akakandamiza kiganja upande mmoja wa kipande. Binti yake alimwangalia anavyofanya kwa makini, kama mtu anayetia sahihi, akazidi kucheka.

"Hapana, Baba, si hivyo. Utajuaje kama ni kutu ya mkono au ya hewa tu? Lazima pawe na mkono safi wa kulinganishia." Akakandamiza kiganja chake upande wa pili. "Huu hapa. Huu ndio mkono wa mtu wa baridi. Kesho utaona tofauti."

"Tofauti naijua," baba akasema. "Mmoja umepikwa na moto, mwingine bado mbichi."

"Na wewe uvae glavu wanazokupa."

"Nazivaa. Wewe unazivaa?"

"Sisi tukivaa hatuwezi kuhesabu. Mabamba mawili yanashikana, unahesabu moja. Kioo mwenyewe anajua, anageuza uso." Akapangusa mkono wake kwenye kanga ya mama yake. "Lakini sisi tumezoea vitu visafi."

Kipande kikawekwa bafuni, penye unyevu. Wadogo wakalala wakibishana kati ya baba na dada nani atashindwa.

*

Koleo aliamka wa kwanza. Alikiendea kile kipande kama mtu anavyoiendea barua ya hospitali. Upande wake ulikuwa safi. Alikigeuza kuelekea dirishani, akakitazama tena kwa ubavu, akapitisha kidole. Safi kabisa, kiganja chake kimeacha ukungu tu. Moto ulikuwa umemkausha. Miaka yote ile mbele ya tanuru ilikuwa imeondoka na maji yake, na hakika mwanzoni alifurahi, akataka kumwamsha mkewe acheke naye.

Ndipo alipoona upande wa pili. Vidole vyote vitano vilikuwa pale, vyembamba, na kiganja na mistari yake, kahawia iliyokolea kama chai. Akakaa chini kwenye kizingiti cha bafu.

Mke wake alimkuta hapo. Hakuambiwa kitu. Alikichukua kipande, akakitazama, na uso wake ukashuka.

"Sindano zangu," akasema taratibu.

"Sindano gani?"

"Kila sindano anayoishika inaota kutu. Tangu mdogo. Nimemgombeza miaka yote, namwambia anaziacha kwenye maji. Anaapa kwamba haachi. Nikamwita mwongo." Akaketi karibu na mumewe. "Tumwambie?"

"Umwambie nini? Kwamba mwili wake unafukuzisha kazi? Akishajua, akiingia pale Kioo atamsoma usoni. Yule mtoto hawezi kuficha hata njaa."

"Mficha maradhi, kilio humfichua, baba watoto."

"Kitamfichua kama wakifika kwa wanawake. Wasifike." Alikuwa ameshaamua, na alivyosema ilikuwa kama mtu anayezungumzia mvua. "Wanatafuta mkono mmoja. Nitawapa mmoja. Mimi niko kwa nusu mshahara na majaribio, leo au mwezi ujao watanitoa tu. Yeye akitoka, tunatoka sote humu ndani. Nipe chumvi."

Mke hakusogea.

"Nipe chumvi, mama watoto. Mkono mtupu haulambwi. Huu wangu sasa ni mtupu, haya, na uwe na faida basi."

Mke akamfungia chumvi kwenye karatasi. Koleo alichukua majivu na mchanga, akasugua kile kipande upande wa bintiye mpaka kikabaki kimechubuka chote. Binti alipoamka alikikuta hivyo.

"Umefuta? Kwani ilikuwaje?"

"Nimeona aibu."

"Ulikuwa wako?"

"Wangu."

Binti akakigeuza kile kipande mkononi. Alimpenda baba yake, lakini alikuwa kijana, na kijana huona aibu haraka kuliko huruma. "Sasa Baba," akasema mwishowe, "ungewaambia mapema wakuweke kwenye kufagia. Tumerudishiwa lori zima. Wenzangu wananiangalia mimi."

"Umesema kweli," Koleo akajibu, akainama kufunga buti.

*

Mchana walipangwa mstari, wote sita, mbele ya meza yenye mabamba sita madogo. Wafanyakazi wengine walikuwa wamekuja kutazama na vyakula vyao mkononi. Kabla ya zamu yake Koleo aliomba kwenda bombani. Alimimina chumvi kiganjani, akaidondoshea maji, akafumba mkono. Chumvi iliingia kwenye nyufa za ngozi na kumchoma vibaya. Moto wa tanuru alikuwa ameuzoea, huu ulikuwa mpya. Alirudi amefumba ngumi.

"Mzee, fungua mkono, hatukuibii," Kioo akasema.

Akaufungua na kuukandamiza juu ya bamba. Lilikuwa baridi, na laini namna ambayo chuma chake yeye hakikuwahi kuwa. Kioo akaandika kwa chaki nyuma ya kila bamba, akayabeba yote mwenyewe mpaka chumba cha vifaa, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Koleo aliporudi kwenye rola alihisi nafuu ya ajabu, kama mtu aliyekwisha kulipa. Alifanya kazi vizuri sana siku ile. Hata Kioo alimpita bila kumwambia kitu.

Asubuhi iliyofuata mabamba yalisimamishwa juu ya meza. Matano yalikuwa yanang'aa. La sita lilikuwa na mkono mkubwa wa kahawia, umeliwa mpaka ndani. Kioo aliliinua juu lile bamba na kulizungusha ili walio nyuma waone.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," akasema. "Tumempata wetu. Mzee, vua ovaroli, uikunje vizuri, uiache kwa mlinzi. Glavu pia."

Koleo akavua palepale, kwa kuwa aliambiwa palepale, akabaki na fulana yenye tundu begani. Aliikunja ile ovaroli kwa uangalifu. Watano wenzake walitazama chini. Hakusikitika. Alikuwa anahesabu hatua za mwisho tu: kukabidhi nguo, kutoka getini, kwenda nyumbani kumwambia mkewe kwamba imepita.

Kioo alikuwa ameanza kuondoka, kisha akasimama. Akajikuna kidevu.

"Ngoja kwanza. Huyu si ndiye ana binti pale kwenye kufunga?"

Mtu mmoja akasema ndiye.

"Na pale wanahesabu kwa mikono mitupu." Kioo alisema hivyo kama jambo ambalo amelisikia leo. "Jasho ni damu. Nimeliona hilo viwanda viwili kabla ya hiki: baba anaotesha kutu, na mtoto vilevile. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwiteni."

Koleo akaiweka ovaroli mezani. Katika mahesabu yake yote, kwenye kizingiti cha bafu na pale bombani, hilo halikumpitia akilini. Alikuwa ameutafuta mkono wa kumficha bintiye, na kumbe amenyoosha kidole na kumwonyesha. Angetoka safi, pengine Kioo angechoka, pengine wanawake wangefikiwa mwezi ujao, pengine mafuta yangerudi. Sasa hapakuwa na pengine.

"Bosi," akasema. "Ile si kutu ya jasho. Nilipaka chumvi."

"Chumvi?"

"Jana, bombani. Mkono wangu hauoteshi kutu. Nipime tena, sasa hivi, mbele ya watu."

Kioo alimtazama, kisha akawatazama wengine, na safari hii walicheka kwa kupenda wenyewe. "Mzee wangu," akasema, karibu kwa upole, "ni mtu gani mwenye akili anajipaka chumvi ili afukuzwe kazi?"

Koleo akatazama upande wa mlango. Jibu lilikuwapo, lakini lilikuwa linakuja linatembea kutoka chumba cha kufungia, limefunga kitambaa kichwani, likijipangusa mikono kwenye aproni.

Binti alimkuta baba yake amesimama na fulana, mikono wazi, akirudia neno chumvi. Uso ulimwiva kwa aibu.

"Baba, basi," akasema chini chini. "Usijidhalilishe."

Kioo akamweleza kwa maneno machache: baba yake amepatikana, na kwa kuwa ni damu moja, kiwanda hakiwezi kubahatisha, naye akabidhi aproni. Hakuna haja ya bamba jingine.

"Haja ipo," binti akasema.

"Nini?"

"Nasema haja ipo. Mimi sijawahi kurudishiwa hata bamba moja tangu nianze hapa. Ya baba ni ya baba. Mkono wangu ni safi, nipimeni kama mlivyowapima wao."

Wanawake wa kufunga waliokuwa mlangoni wakanung'unika kumwunga mkono. Wao pia walihesabu kwa mikono mitupu na walikuwa na lao la kuogopa. Koleo alimsogelea binti yake, akamshika kiwiko.

"Twende nyumbani, mwanangu. Tuiache. Tutapata kingine."

"Kingine kipi, Baba?"

"Twende tu. Nakuomba."

Hakuwahi kumwomba kitu mtoto yule maishani mwake. Binti alikitoa kiwiko chake taratibu, asimwumize. "Wewe yako yamekwisha," akamwambia, ingawa hakuzoea kumsemesha hivyo. "Usinifungie mlango na mimi. Wadogo zangu watasoma na nini?"

Kioo aliona watu ni wengi na wanawake hawatulii. Akaagiza bamba safi. Binti hakwenda bombani, hakupangusa mkono, hakufanya hila yoyote. Alikandamiza kiganja chote juu ya chuma, akakiacha hapo muda mrefu kuliko walivyofanya wanaume, akamtazama msimamizi machoni. Alipokitoa palibaki ukungu mdogo ambao ulififia mara moja. Bamba lilikuwa linang'aa, na uso wake ulionekana ndani.

"Unaona?" akasema.

"Kesho asubuhi," Kioo akajibu, akaandika kwa chaki, akaenda nalo kulifungia.

*

Jioni ile binti ndiye aliyekuwa na maneno nyumbani. Alimsimulia mama yake yote, jinsi wanawake wenzake walivyosimama naye, jinsi Kioo alivyokosa la kusema. Kuhusu baba yake na chumvi alisema kwa kifupi na kwa staha, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Alifua kitambaa chake cha kichwa na aproni, akavitandaza karibu na jiko vikauke. Wadogo walimwuliza kama kesho ataleta kitu, akawaambia kesho ataomba wamwongeze mshahara kwa usumbufu, wakacheka.

Mama alikuwa na nguo ya mtu mapajani na hakuwa amepiga hata mshono mmoja. Alimtazama mumewe. Koleo alifungua mdomo mara moja, na binti akageuka kumsikiliza akiwa bado anatabasamu. Akaona lile tabasamu, akafunga mdomo. Wangemwondolea usiku huu kwa faida gani? Mkono ulikuwa umeshakaa juu ya chuma. Mama akainuka, akasema anatoka kuchota maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

Binti alikuja kukaa kando ya baba yake. Alikuwa amemsamehe, ilionekana wazi kwamba jambo lile lilimhangaisha na alitaka lipite.

"Usihuzunike, Baba," akasema. "Nitawalea mpaka upate kazi. Si ulinilea wewe?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kesho twende wote mpaka getini. Nataka uwepo watakapolitoa lile bamba. Ili waone tofauti, na wewe uone."

Koleo alikitazama kiganja cha mtoto wake kilicholala juu ya goti lake, kidogo, kina unyevu, kimelowesha kitambaa cha suruali.

"Nitakuja," akasema.